Simu isemapo 8:00, Mswahili asome saa ngapi?

Mwaka jana nilimtendea shangazi yangu wema uliomponza. Anaishi Pwani, macho yake yameanza kufunikwa na mtoto wa jicho, na daktari wa macho huja kwenye kliniki ya karibu naye mara moja tu kwa mwezi. Nilikuwa nimekwenda kumjulia hali. Nikachukua simu yake, nikabadili lugha iwe Kiswahili, nikaziondoa zile AM na PM alizokuwa akilalamika kuwa hazijui maana, nikaiamuru kalenda ionyeshe wakati kwa mtindo wa saa 24. Kisha nikaingiza miadi yake: Jumanne, 08:00, daktari wa macho. Nikarudi Nairobi nikijiona mpwa mwema.

Jumanne hiyo alasiri akanipigia.

"Baba, mbona umenambia saa nane? Nimefika hapa bawabu anasema daktari keshaondoka tangu adhuhuri."

"Shangazi, mimi nilikuandikia saa mbili."

"Saa mbili iko wapi? Hapa naona nane, na sifuri yake mbele."

Nikanyamaza. Hakuwa amekosea kusoma. Simu ilizungumza naye kwa Kiswahili, siku ikaandikwa kwa Kiswahili, mwezi ukaandikwa kwa Kiswahili, halafu ikafika kwenye saa ikahama lugha bila kuaga. Mtu aliyelelewa katika Kiswahili akiona nane chini ya neno "Jumanne" atasoma saa nane, naye atakuwa barabarani baada ya kuswali adhuhuri na kula chakula chake cha mchana. Alisubiri mwezi mzima mwingine, jicho likizidi kufifia. Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza jinsi namba hiyo ya nane ilivyoingia katika simu ya mzee wa Kiswahili, na kwa nini saa mbili yetu ilikosa pa kukaa.

Tuanze na saa yenyewe. Neno *saa* tulilipata kwa Waarabu, na kama lilivyo kwao, kwetu pia linabeba mambo mawili: muda wa dakika sitini, na kile chombo cha mkononi au ukutani. Pamoja na neno tulipokea utaratibu. Siku ya Kiislamu huanza jua linapotua, na ndivyo ilivyokuwa katika miji ya mwambao. Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu wa Unguja, alilieleza jambo hili katika kitabu chake cha kufundishia Kiswahili cha Unguja kilichochapishwa 1870: siku yaanza magharibi, na saa ya kwanza ya usiku ni ile inayofuata kutua kwa jua. Ukihesabu saa 12 za usiku unafika mapambazuko, unaanza tena na saa ya kwanza ya mchana. Kwa watu wa Ikweta, ambako mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima, hesabu hii haina taabu. Mtu wa London angeipata shida, maana kiangazi jua lake hukawia kutua na kipupwe humkimbia mapema.

Masalia ya siku hiyo inayoanza magharibi bado tunayo mdomoni. Magazeti yetu huandika "usiku wa kuamkia Jumapili" yanaporipoti ajali ya Jumamosi usiku. Nimesikia wahariri chipukizi wakilalamika kwamba msemo huo ni mrefu. Mimi nauona kuwa sahihi kuliko chochote ambacho kalenda ya simu inaweza kusema, kwa sababu unaushika usiku mzima kwa pamoja, kabla na baada ya saa sita, bila kuukata vipande viwili. Kalenda ya simu hubadili tarehe katikati ya usingizi wa watu. Ndiyo maana Ramadhani huonekana ndani yake imeanza asubuhi, ilhali waumini walishaswali tarawehe jioni iliyotangulia, mwezi ulipoandama.

Sasa twende kwa hao waliotuletea nane. Mwaka 1876 mhandisi wa reli wa Kanada, Sandford Fleming, alikuwa akisafiri nchini Ireland. Inasimuliwa kwamba ratiba ilichapishwa vibaya, alama ya asubuhi na ya jioni zikapishana, naye akafika stesheni na kukuta gari moshi halipo, akalala papo hapo hadi asubuhi. Yaani yaliyompata shangazi yangu yalishampata Fleming. Tofauti ni kwamba Fleming alikuwa mtu wa kusikilizwa. Akaanza kampeni ya kutaka saa zihesabiwe mfululizo hadi 24, pasiwe na saa mbili zenye jina moja katika siku moja, na dunia nzima igawanywe katika kanda za wakati.

Oktoba 1884 wajumbe wa mataifa 25 walikutana Washington, Fleming akiwa miongoni mwao. Afrika iliwakilishwa na Liberia pekee. (Mwezi uliofuata Wazungu walikutana Berlin kuhusu Afrika, na huko hata Liberia haikualikwa.) Mkutano wa Washington ndio uliochagua Greenwich kuwa mahali pa kuanzia kuhesabu longitudo, na ukaamua kwamba siku ya dunia ianze usiku wa manane wa Greenwich na ihesabiwe kuanzia sifuri hadi 24. Lakini kuna mambo mawili ya mkutano huo ambayo nadra kutajwa.

La kwanza ni Rustem Effendi, mjumbe wa dola la Uturuki. Aliwaeleza wenzake kwamba kwao kuna hesabu mbili za saa: moja ya Kizungu, inayohesabiwa kutoka usiku wa manane au adhuhuri, na nyingine ya Kituruki, inayoanza jua linapotua. Akasema wananchi wengi ni wakulima wanaofanya kazi mashambani, na hesabu ya jua ndiyo inayowafaa. Hesabu hiyo ya pili ndiyo iliyokuwa ikitumika Unguja, Lamu na Mombasa siku hizo hizo. Kwa hiyo mtindo wetu wa saa ulitetewa katika mkutano ule, ingawa si na mtu wetu.

La pili ni kifungu chenyewe cha maazimio. Wajumbe walikubaliana kwamba siku hiyo ya dunia itumike pale itakapofaa, na isiingilie matumizi ya saa za wenyeji pale zinapohitajika. Tangu mwanzo basi kulikuwa na saa ya kuratibu mambo ya dunia, na saa ya kusomwa na watu. Tutairudia tofauti hiyo, kwa sababu kompyuta zimejengwa juu yake.

Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899 na Kisumu 1901. Gari moshi haliwezi kufuata jua la kila mji. Jua la Kisumu hukawia nyuma ya jua la Mombasa kwa dakika kama 20, na ratiba inataka saa moja kwa njia nzima. Serikali ya kikoloni ikaanza kuamuru saa kwa tangazo. Na hapa ndipo programu za kalenda zinapoingia katika historia ya Kenya kwa mlango ambao wengi hawaujui.

Ndani ya karibu kila simu na kompyuta mna daftari la kanda za wakati. Lilianzishwa miaka ya 1980 na Mmarekani Arthur David Olson, baadaye likaangaliwa na Paul Eggert, na tangu 2011 liko chini ya IANA, chombo kinachosimamia namba na majina ya intaneti. Kila eneo limepewa jina la mji wake. Letu ni Africa/Nairobi, na siku hizi hata Dar es Salaam na Kampala zimeunganishwa na mstari huo huo. Ukiusoma mstari wa Nairobi unakuta kioja. Kwanza kuna saa ya jua lenyewe, iliyotangulia Greenwich kwa saa 2, dakika 27 na sekunde 16. Mei 1908 ikawa saa 2 na nusu. Julai 1928 ikawa saa 3. Januari 1930 ikarudishwa saa 2 na nusu. Mwaka 1937 ulipoanza ikawa saa 2 na dakika 45. Agosti 1942 ikawa saa 3 tena, na hapo ndipo tulipo.

Katika miaka 14 wakoloni walizisogeza saa zetu mara nne, nusu saa huku, robo saa kule. Aliyekuwa na saa ya mkononi mwaka 1928 na bado akawa nayo 1942 aliikoroga mara nne bila kusafiri popote. Tena daftari lenyewe liliwahi kuwa na makosa: kwa miaka mingi lilisema mageuzi mawili ya mwisho yalitokea 1940 na 1960, mpaka mtu mmoja alipokwenda kuyasoma matangazo ya Gazeti Rasmi la serikali ya kikoloni na kuleta tarehe za kweli. Najisikia faraja fulani ninapofikiria kwamba ndani ya simu ya kisasa kabisa mna kazi ya mtu aliyekaa akifunua kurasa kuukuu.

Jambo la kutia akilini ni hili: saa tunayoiita ya kawaida si maumbile. Ni tangazo juu ya tangazo. Na saa ya Kiswahili nayo ilibadilika njiani. Enzi za Steere saa ilirekebishwa kwa kutua kwa jua. Leo hakuna Mkenya anayengoja jua ili aseme saa kumi na mbili. Jua la Nairobi huchomoza kati ya 6:10 na 6:45 hivi kutegemea mwezi, na sisi tunasema saa kumi na mbili inapotimia 6:00, liwe limechomoza au bado. Saa yetu ilishaachana na jua ikafunga ndoa na saa ya ukutani. Kilichobaki ni tofauti ya saa sita, isiyopungua wala kuongezeka, mwaka mzima. Wanaodai kwamba saa ya Kiswahili haiwezi kuingia kwenye kompyuta kwa sababu eti inategemea jua wanaisema saa ya karne ya 19.

Saa ya mishale ilituvumilia. Mwalimu wangu wa shule ya msingi alichora duara ubaoni, akaweka mkono mfupi kwenye 8, akauliza, "Saa ngapi?" Darasa zima likaitikia, "Saa mbili kamili!" Hakuna aliyetoa sita kutoka nane. Tulitazama upande wa pili: akrabu ikielekea 8, mkia wake unaelekea 2. Duara lilikuwa limebeba hesabu zote mbili, ya kichwani na ya mkiani. Saa ya tarakimu ndiyo iliyoukata mkia. Kwenye skrini 8:00 haina upande wa pili wa kutazama, inakubidi upige hesabu. Na ukiiweka katika mtindo wa saa 24, kama nilivyofanya kwa ujinga wangu, hesabu zinakuwa zaidi ya moja: kuanzia 7:00 hadi 18:00 unatoa sita, ukivuka hapo hadi usiku wa manane unatoa kumi na nane. Jaribu 21:30 haraka haraka. Saa tatu na nusu usiku, lakini ulisita kidogo, sivyo?

Nilidhani kuna ugumu wa kiufundi. Nilipochunguza sikuuona. Programu za kalenda huhifadhi wakati kwa namna moja na kuuonyesha kwa namna nyingine. Mtindo wa kuhifadhi unaotumiwa na kalenda nyingi uliandikwa rasmi mwaka 1998 na kurekebishwa 2009. Humo saa huandikwa kwa tarakimu sita zisizo na nukta, na mara nyingi hutajwa kwa saa ya Greenwich. Miadi ya shangazi, ikiandikwa hivyo, inakuwa 050000Z. Tazama basi: kwa shangazi ilikuwa saa mbili, kwenye kioo cha simu ikawa 8, na ndani ya tumbo la mashine ikawa 5. Wakati ni ule ule mmoja. Anayebadili mpangilio wa kuonyesha saa haugusi wakati wenyewe, anabadilisha vazi tu. Mashine inayoweza kuigeuza 5 ikawa 8 haishindwi kuigeuza 8 ikawa 2.

Kinachokosekana ni herufi. Mkusanyiko wa taarifa za lugha unaotunzwa na Unicode, ambao simu na kompyuta nyingi huchota humo majina ya siku, miezi na namna ya kuandika tarehe, una herufi nne za kuonyesha saa. Herufi h ndogo huhesabu 1 hadi 12. H kubwa huhesabu 0 hadi 23. K kubwa huhesabu 0 hadi 11, nayo inawafaa Wajapani ambao adhuhuri yao waweza kuiandika saa sifuri. Na k ndogo huhesabu 1 hadi 24. Zote nne zinaanzia usiku wa manane au adhuhuri. Hakuna hata moja inayoanzia saa kumi na mbili.

Wala si kwamba Kiswahili kimesahauliwa humo. Kimo, na walioshughulika nacho walifanya kazi nzuri. Siku imegawanywa kuwa alfajiri, asubuhi, mchana, jioni na usiku, mgawanyo ambao hata shangazi hangeupinga. Na kuna mahali ukweli umewaponyoka: palipohitajika jina la kati ya mchana na la kati ya usiku, wakaandika "saa sita za mchana" na "saa sita za usiku". Watafsiri walijua. Walipoombwa neno, walitoa neno la watu. Lakini fomu ya tarakimu haikuwauliza, kwa hiyo programu inaweza kuita adhuhuri saa sita na dakika sitini kabla ya hapo ikaandika 11:00.

Hatuko peke yetu katika hili. Waethiopia nao huhesabu saa kutoka mapambazuko, saa moja yao ni saa moja yetu. Kalenda yao ya miezi 13 imetambuliwa na kompyuta, jambo gumu mara kumi kuliko kujumlisha na kutoa sita. Saa zao zimeachwa nje pamoja na zetu.

Kuna rafiki yangu anayefundisha hisabati ambaye hakubaliani nami hata kidogo. Hoja yake ni ya kweli na siipuuzi: ukiruhusu 2:00 ya Kiswahili kwenye skrini, rubani, muuguzi na mtahiniwa watachanganyikiwa, maana 2:00 ya Kizungu nayo ipo. Kosa la shangazi yangu, asema, litazaliana. Namjibu kwamba kosa la shangazi limetokea tayari, chini ya mpangilio wa sasa unaosemekana hauchanganyi mtu. Tena hakuna Mswahili asemaye saa mbili akaishia hapo kama mazingira hayajajieleza. Husema saa mbili asubuhi, saa mbili usiku. Neno la wakati ndilo linalopaswa kushikamana na tarakimu, "saa 2:00 asubuhi", lisiachwe liwe la hiari. Rubani na abaki na 24 zake. Washington walishayasema hayo 1884.

Na tukiwa bado ndani ya mipangilio hiyo ya kalenda, utaona imekuuliza wiki yako ianze siku gani. Wengi hawajali. Kanuni ya kimataifa iliyotolewa 1988 inaanza na Jumatatu, na hivyo siku ambayo jina lake lasema "ya tatu" inapangwa ya kwanza. Majina yetu yanahesabu kutoka Jumamosi, siku ya mosi baada ya Ijumaa, hadi Jumatano ya tano. Kisha inakuja Alhamisi, ambayo kwa Kiarabu maana yake pia ni ya tano, kwa kuwa Waarabu wameanza kuhesabu na Jumapili. Wiki yetu ina tano mbili zinazofuatana, na tumeishi nazo bila kugombana. Kwa hiyo anayesema Waswahili hawawezi kubeba hesabu mbili kwa wakati mmoja hajaitazama kalenda yao. Kijana wa Nairobi hukwambia kwa mdomo "tupatane saa mbili" na dakika hiyo hiyo akakuandikia 8am kwenye ujumbe, wala hajui kama amevuka mpaka.

Shangazi yangu hajazoea kuvuka mpaka huo, na macho yake hayampi nafasi ya kujifunza. Katiba ya 2010 inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Nadhani mzee wa taifa hilo anastahili kuambiwa siku yake ya daktari kwa saa anayoijua, hasa na kifaa kinachojidai kuzungumza lugha yake. Herufi ya tano ikiombwa na walimu, watafsiri na waundaji programu wa Kenya na Tanzania kwa sauti moja, sioni itakataliwa kwa hoja gani.

Mwezi uliofuata niliingiza miadi upya. Tarakimu nikaziacha zilivyo, sikuwa na la kuzifanya. Ila mahali pa kuandika jina la shughuli nikaandika kwa maneno, herufi kubwa: DAKTARI WA MACHO, SAA MBILI ASUBUHI. Siku ilipofika simu yangu ililia saa moja kasorobo, mimi bado niko kitandani.

"Nishafika," akasema. "Hata bawabu hajafungua."